Thelathini na Moja Ananyonyesha Nyuma ya Stoo

Meneja alipiga makofi mara moja akasema, "Thelathini na moja, njoo mbele utuonyeshe. Si wewe ndiye msomi wao?"

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia matupu kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wanawake wote wa kuchambua, kila mmoja na andazi lake na kikombe cha plastiki cha chai. Mtafiti alikuwa amerudi kutuletea majibu ya utafiti wake. Utafiti wenyewe ulihusu uchovu wa kazi na ustawi wa mfanyakazi kazini, na majibu yake, nikiyafupisha, yalikuwa kwamba tujifunze kupumua. Pumzi tatu ndefu. Unavuta kwa pua, unaibana kidogo, unaiachia kwa mdomo taratibu, mabega yanashuka. Alikuwa ameyachora hayo mabega kwenye karatasi kubwa akaibandika ukutani kwa selotepu.

Nikaenda mbele. Ilikuwa imekaribia saa tano asubuhi, na mwanangu nilikuwa sijamwona tangu saa kumi na mbili. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanauma hadi kwapani. Nilipovuta ile pumzi ya kwanza kifua kikatanuka, na maziwa yakatoka yenyewe. Yakapita blauzi, yakapita na aproni, madoa mawili mbele ya watu. Mtu akacheka. Meneja akageuza uso pembeni kama muungwana.

"Vizuri sana, dada," mtafiti akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Haya, pumzi ya pili."

Ya pili sikuvuta. Mezani mbele yangu kulikuwa na ripoti ya kurasa chache, nakala ya meneja, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu sehemu moja tu. Pale pekundu palisema hivi: Mfano mzuri wa kuigwa. Mshiriki wa 31 anaeleza kuwa anavumilia kazi kwa sababu msimamizi humruhusu kutoka saa nne na saa nane kumnyonyesha mtoto nyuma ya stoo.

Nilisoma kimya. Kisha nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka wa nyuma kabisa wakasikia.

"Dada," nikamwuliza mtafiti, "huyu wa thelathini na moja ni nani?"

Akatabasamu. "Hakuna anayejua. Ndiyo maana tulitumia namba. Ni siri."

Nikawageukia wenzangu. "Thelathini na moja ni nani?"

"Ni wewe!" Wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Na saba?"

Mwanamke wa Chonyonyo akanyanyua mkono ulioshika andazi.

"Na arobaini na mbili?"

"Abee!"

Hapo kicheko kikakatika. Wakaanza kutazamana, halafu wakaitazama ile ripoti mkononi mwangu, na kila mmoja nikamwona anakumbuka alichosema yeye. Tabasamu la mtafiti lilibaki usoni pake, ila lilikuwa halina mwenyewe tena.

"Umetuuza," nikamwambia. "Umetuuza mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri."

Niseme tulifikaje hapo, na niseme yote, maana sehemu ya kosa ni yangu.

Kazi yetu ni kuchambua. Kahawa ikishakobolewa na mashine inaletwa mezani, na sisi tunatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, na vijiwe. Unakaa, unainama, unachambua. Vumbi lake linaingia puani mpaka ukipenga kamasi inatoka kahawia. Tunatoka Ihembe, Chonyonyo, wengine Rugu kabisa, tunaacha vibanja vyetu na migomba yetu kwa miezi ya msimu, na wote ni vibarua. Kibarua hana likizo ya uzazi. Mimi nilirudi mezani mtoto akiwa na miezi miwili.

Pale kiwandani hakuna anayeitwa jina. Kila mwanamke ana trei yake, na kila trei ina namba iliyopakwa kwa rangi nyekundu. Asubuhi wanaita namba, jioni wanaita namba, ukikosea kuchambua wanakufokea kwa namba. Tumeshazoea mpaka tunaitana hivyo njiani. Nilipojifungua wenzangu walikuja kuniona nyumbani na mkungu wa ndizi na sabuni, na mmoja akafunua kanga ya mtoto akasema, "Huyu naye tumwiteje? Thelathini na moja na nusu?" Tulicheka. Sikuwaza kwamba kuna siku namba ingeniumiza kuliko jina.

Aliyefanya niweze kurudi kazini alikuwa msimamizi wetu wa meza. Mwanamke wa makamo, mwanakwaya wa Kilutheri, mdomo mkali kama wembe. Siku yangu ya kwanza alinitazama kifua, akasema bila kusalimia, "Saa nne na saa nane. Nyuma ya stoo. Dakika kumi na tano, na trei yako nitaifunika na gunia. Usinishukuru. Tembea." Mama mkwe wangu akawa anamleta mtoto kwa kupitia migombani, upande wa nyuma ambako hakuna mlinzi. Ninakaa juu ya tofali, mtoto ananyonya ziwa hili, tunambadilisha, ananyonya la pili, mama mkwe anamfunga mgongoni, anaondoka. Meneja hakujua. Kila mwanamke mezani alijua, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto alinenepa, mapaja yakawa na mikunjo. Kliniki, mstari wa kwenye kadi yake ulipanda vizuri mpaka nesi akaniuliza ninampa nini.

Ndipo akaja mtafiti.

Sitasema alikuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mtu mbaya, ningelala vizuri. Alikuwa msichana wa chuo kikuu, pengine kanizidi miaka miwili mitatu, mwenye adabu, anawaamkia wazee shikamoo kwa kupiga goti kabisa. Alituita "akina mama wapendwa". Alituketisha nje kivulini, mbali na meza na trei, akasema hapa ni mahali salama, semeni ya moyoni. Alikuwa na karatasi zenye maswali. Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi umejisikia umeishiwa nguvu kabisa? Unachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Kwa wasiosoma alichora nyuso, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia machozi.

"Huyu anayelia ni nani?" akauliza mmoja wetu.

"Ni mume wangu pombe yake ya rubisi ikiisha," akajibu mwingine, na hata mtafiti akacheka.

Wengi hawajui kusoma, na wengine Kiswahili kinawapa shida, nyumbani ni Kinyambo tu. Mimi nimefika kidato cha nne. Nilipata daraja la nne, lakini nilifika. Kwa hiyo mtafiti akanichagua niwatafsirie na kuwajazia. Nilijivuna, sifichi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na kalamu mkononi, wenzangu wamekaa chini.

Kabla ya maswali yote akasema hataki majina. Atarudi baada ya miezi kadhaa kuuliza tena, na atahitaji kujua karatasi ipi ni ya mtu yule yule. "Basi kila mama achague namba. Yoyote. Mradi hataisahau."

Nikawaambia hivyo hivyo kwa Kinyambo. Namba ambayo hutaisahau. Mama wa kwanza akajibu hapo hapo, "Saba." Ndiyo namba ya trei yake. Wa pili, "Kumi na mbili." Trei yake. Namba ipi nyingine mtu angetaja? Ni hiyo anayoitwa kutwa. Niliwaandikia, mmoja baada ya mwingine, na kwenye karatasi yangu nikaandika 31. Haikunijia akilini hata kidogo. Kwetu sisi kuulizwa namba na kuitaja ni kama kuitika. Mtafiti naye aliziona zote, hakuna hata mbili zilizofanana, hakuna aliyechagua mwaka wa kuzaliwa wala namba ya wimbo wa kanisani, na hakujiuliza. Amesoma miaka yote hiyo, hakujiuliza.

Mmoja tu alifanya tofauti. Jirani yangu wa meza, mama mtu mzima, wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani akiwa bado yuko mgongoni. Amezeeka hapa, amezika hapa, lakini akigombana na mtu lazima akumbushwe alikotoka. Zamu yake ilipofika akasema, "Niandikie tisini na tisa."

"Mama, hiyo si yako," nikamwambia.

"Ndiyo maana naitaka."

Na kila swali alijibu kamwe. Hajachoka kamwe, hajakata tamaa kamwe, hajaumwa mgongo kamwe, na huku anaongea ameushika mgongo. Nikamnong'oneza kwa Kinyambo, "Mama, sema ukweli, wanataka kutusaidia."

"Mwanangu, mimi karatasi nimezijua kabla yako," akasema. "Karatasi haina rafiki. Nyie mliosoma ndiyo mnaipenda."

Swali la mwisho halikuwa na nyuso. Lilisema: ni nini kinakusaidia kuvumilia kazi yako? Wenzangu wengi walijibu Mungu. Mimi niliona lazima nijibu kisomi. Nikaandika habari ya msimamizi, saa nne, saa nane, stoo, yote. Niliandika kwa shukrani. Nilifikiri labda watampa cheti.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja tulimkuta msimamizi wetu hayupo mezani, yuko juani, ameshika reki ya kugeuzia kahawa, kazi ya vijana. Mezani kawekwa mwanamume mwenye saa kubwa ya mkononi. Saa nne nikasimama kama kawaida.

"Wapi?"

"Msalani."

"Msalani ni kule. Wewe unaelekea stoo." Akacheka. "Stoo kuna kinyesi au kuna mtoto?"

Mlinzi akahamishiwa nyuma. Mama mkwe wangu alifukuzwa na mtoto mgongoni kama mtu aliyekuja kuiba kahawa. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, na nilipofika jioni hakumlaumu yule mwenye saa, alinilaumu mimi. "Umemwambia nani? Kitu kama hiki kinasemwa? Sisi tulilima na watoto mgongoni, hatukumwambia mtu tumechoka. Mwanamke akitangaza amechoka, watu wanasikia amekuwa mvivu."

"Mama, sijamwambia mtu yeyote!"

Na niliapa. Nilikuwa naamini.

Hapo ndipo tulipoanza kutafutana. Nani amemchongea msimamizi? Mezani maneno yalipungua, kila mtu anachambua na kumtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Halafu mmoja akakumbuka, "Si kuna aliyeandika namba ya uongo? Mtu anayeficha namba anaficha nini kingine?" Ikatosha. Jirani yangu akawa hasalimiwi. Chai yake ikawa inamwagwa kwa bahati mbaya. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega, niliyekula viazi vyake vya kuchemsha nikiwa na mimba, siku moja matiti yakiniuma kupita kiasi nilisema kwa sauti, nikiangalia trei yangu, "Watu wa kuja hawana aibu. Unawapa kigoda, wanakuuzia nyumba."

Alikusanya punje zake nyeusi kiganjani, akazimwaga kwenye debe, akaendelea kuchambua.

Nyumbani maziwa yalianza kupungua. Nayasema wazi kwa sababu kuna watu wanafikiri maziwa ni bomba. Yanajaa mchana, hayana pa kwenda, yanauma, unayakamua chooni juu ya shimo, na baada ya wiki mbili mwili unaona hayatakiwi. Jioni mtoto ananyonya analia, ananyonya analia. Mama mkwe akaanza kumpa maziwa ya ng'ombe na maji. Akaharisha. Ile mikunjo ya mapaja ikaanza kulegea, ngozi inabaki kama soksi kubwa. Kliniki nesi akaitazama kadi, mstari umeshuka mara mbili mfululizo, akaniuliza kwa ukali, "Wewe mama, huna muda na mtoto wako?" Nilitamani kumpiga. Nilitamani kujipiga.

Kwa hiyo siku ile mtafiti aliporudi na maandazi na mabega yake ya kuchora, na mimi nikausoma mstari mwekundu, si yeye tu niliyemwona. Nilimwona jirani yangu amekaa pembeni peke yake kwenye gunia lake, hanywi chai, ananitazama. Maneno yale yalikuwa yangu, na meneja alikuwa ametumiwa kabla yetu. Aliyemchongea msimamizi ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko wa kidato cha nne.

Uwanja ulivurugika. Wanawake walimzunguka mtafiti wanadai karatasi zao. Mmoja alikuwa amesema mume anampiga. Mmoja alikuwa amesema analala mezani. Mtafiti alianza kulia. Alinivuta kando, akanishika mkono.

"Dada yangu, nilikuwa na nia njema. Niliona ni jambo zuri, niliwaandikia kama mfano wa kuigwa."

"Karatasi zirudishe."

"Haziwezi kurudi. Takwimu zimeshachambuliwa. Nikizitoa, utafiti wote unaharibika."

"Mwanangu ameharibika."

"Naweza kukuunganisha na mshauri nasaha," akasema, anafuta machozi. "Una dalili zote za uchovu wa kazi."

Nilimwangalia sana. Nilitafuta kama ananitania. Hakuwa ananitania. Wiki iliyofuata, alisema, alikuwa na ratiba ya kwenda Kyerwa, kwenye kiwanda kingine, kuuliza maswali yale yale, na atajitahidi kuwa mwangalifu zaidi.

Meneja yeye hakupiga kelele. Alisubiri wengine warudi mezani, akaniambia, "Nenda kapumzike nyumbani. Tutakuita." Kibarua akiambiwa atapumzika, ameshafukuzwa, ila hakuna aliyelitamka neno.

Jioni ile nilimsubiri jirani yangu kwenye njia panda. Nilimwamkia. Aliitika marahaba, kwa sababu yeye ni mtu mwenye adabu. Nilimwomba radhi pale pale barabarani, watu wanapita. Kisha nikamwambia nakwenda kushtaki, na ninataka shahidi, aweke dole gumba.

"Radhi nimeipokea," akasema. "Dole gumba, hapana."

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa sahihi! Wewe peke yako!"

"Nilikuwa sahihi kwa kukaa mbali na karatasi. Sasa unataka nikosee?" Akapandisha kanga yake begani. "Siku wakiniuliza mimi ni nani na nimetoka wapi, utakuja kunijibia? Uliniita mtu wa kuja, mwanangu. Mtu wa kuja hashtaki."

Akashika njia yake. Wengine watano niliowaendea nyumbani walinikaribisha, walinipa matoke, waliniambia wananiombea. Kusaini hawakusaini. Msimamizi wangu wa zamani, yule wa kwaya, sikwenda kwake. Nilishamponza mara moja, ingetosha.

Nilikwenda wilayani peke yangu na mtoto mgongoni. Nilipita ofisi tatu. Ya kwanza waliniuliza kama kiwanda kimenipiga. Ya pili waliniambia utafiti ni jambo la maendeleo. Ya tatu, mama mmoja wa maendeleo ya jamii alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mtoto, akaniambia mambo mawili niliyokuwa siyajui. La kwanza, mtafiti haji wilayani bila kibali, kwa hiyo kuna mahali pa kumlalamikia. La pili, sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Saa mbili! Sisi tulikuwa tunaiba nusu saa na kuhara kwa hofu.

"Andika," akasema. "Lakini andika kwa utulivu."

Niliandika kwenye benchi la korido, kwenye karatasi ya daftari, mtoto ananyonya. Niliandika mara mbili, ya kwanza niliichana kwa sababu haikuwa na utulivu. Ya pili haikuwa nao sana pia, lakini mtu wa masijala aliipokea, akaigonga muhuri, akanirudishia nakala. Ninayo. Inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTAFITI WA UCHOVU WA KAZI, NA DHIDI YA KIWANDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Ihembe, kibarua wa kuchambua kahawa, mama wa mtoto mmoja. Mtafiti mliyempa kibali alituahidi siri. Alituambia tuchague namba. Namba zile ndizo tunazoitwa kazini na kila mtu anazijua. Angemwuliza mlinzi tu angeambiwa. Hakuuliza, akampa meneja majibu yetu na namba zetu.

Kwa sababu hiyo msimamizi wetu ameadhibiwa kwa kutenda wema, na mimi nimezuiwa kunyonyesha, kisha nimeondolewa kazini. Kadi ya kliniki ya mtoto nimeambatanisha nakala. Tazameni mstari wenyewe, sina haja ya kueleza.

Sehemu ya kosa ni yangu. Niliwajazia wenzangu karatasi na sikufikiri. Hilo nimelikubali, kwa hiyo na wao wakubali la kwao.

Naomba karatasi zetu zichukuliwe kwa meneja na kwa mtafiti. Naomba mtafiti asiende Kyerwa kabla hajajibu haya. Naomba msimamizi arudishwe mezani. Naomba nirudishwe kazini na nipewe muda wa kunyonyesha kama sheria inavyosema, waziwazi, si nyuma ya stoo.

Sina shahidi aliyesaini. Wanaogopa, na wana sababu.

Naomba nijibiwe mapema. Mtoto ana miezi sita na maziwa yamebaki ziwa moja.